Fungu la kaka limebaki nyumbani

Leo tumemaliza mirathi ya baba. Alhamdulillah.

Ni ile nyumba ya Ngamiani, Tanga. Baba katuacha na mama, wavulana wawili na wasichana watatu. Kwa faraidhi, yaani sheria ya mirathi ya Kiislamu, mama ana thumni (moja ya nane), kinachobaki wa kiume anachukua mara mbili ya wa kike. Kwetu yametoka mafungu manane sawasawa: mama moja, sisi mabinti moja moja, kaka zetu mawili mawili.

Nyumba imethaminiwa milioni 80. Piga hesabu.

Kaka mkubwa yuko Muscat, alitaka kuuza yake. Mnunuzi wa nje alikuwa tayari na fedha mkononi. Nilikosa usingizi. Mtu baki akishamiliki robo ya nyumba, mama ataishi vipi humo?

Leo msimamizi anatusomea mgao barazani, kaka akapiga simu ya video. "Nawauzia nyinyi. Mtanilipa kidogo kidogo, ila tuandikiane."

Tukaandikiana, mashahidi wakatia saini.

Mama akaomba wino aweke dole gumba. Mama anajua kuandika, tena mwandiko mzuri! Mkono ulikuwa unamtetemeka tu. Dada akamfuta wino kwa pindo la kanga yake, kisha hakuuachia ule mkono mpaka wageni wakaondoka.

Hapo ndipo nilipolia.

Sasa tuna milioni 20 za kumlipa kaka. Mliowahi kuuziana mafungu ndugu kwa ndugu, mlipangaje malipo bila kukosana? Niambieni, nasoma zote.