Kufunga ndoano ya trela kwenye gari lisilo na chesi, lililoliwa na kutu

Jeep Cherokee XJ haina chesi ya kujitegemea, yaani fremu ya chuma iliyo mbali na bodi. Mzigo hubebwa na reli za bati zilizounganishwa na bodi. Shusha tangi la mafuta, chomoa betri, kisha chokoa reli kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, kata mpaka chuma safi. Usichomelee juu ya kutu, tafadhali: weldi hujaa vitundu na kupasuka.

Visha reli bamba la milimita 4 pande tatu, ncha zikikatwa mshazari ili mkazo usirundikane mstari mmoja. Chomelea kwa mistari mifupi ya sentimita 3 ukielekeza moto kwenye bamba, maana bati jembamba hutoboka upesi.

Bolti za ndoano, za M12 (kipenyo cha milimita 12), zipite ndani ya vibomba vilivyochomelewa kwenye reli. Bila vibomba, ukikaza reli inabonyea, bolti zinalegea. Mwishowe pulizia nta ndani ya reli, weldi ikishapoa.