Kutoka Birmingham hadi Taunton na Sarafu za Aleksandria

Anayesafiri na sarafu za kale huanza na vifungashio. Nilipokwenda mkutano wa wakusanyaji wa sarafu huko Taunton, Uingereza, nilizitoa zangu zote kwenye albamu na kuzitia katika vibahasha vya karatasi, kila kimoja na kijikaratasi chake: mtawala, mji ilikofuliwa, uzito, na mkono uliokuwa nayo kabla yangu. Plastiki laini yenye PVC huachia kemikali inayoila shaba na kuacha utando wa kijani, nami nimeona sarafu nzuri zikiharibika hivyo. Trei ya mbao nikaiweka ndani ya mkoba wa begani, na mkoba huo haukutoka mapajani mwangu tangu Birmingham. Treni ilipita Cheltenham, ikasimama Bristol, kisha mashamba ya Somerset yakatandaa pande zote mbili.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alikaa dirishani. "Mjomba, watu hao utawajuaje?" Nikamwambia wakusanyaji tutawatambua kwa lenzi zinazoning'inia shingoni.

Kabla ya mkutano tulipitia Makumbusho ya Somerset, yaliyomo ndani ya ngome ya Taunton, kwa sababu sikutaka kuonyesha vitu vyangu katika mji ule bila kwanza kuiona hazina ya Frome, chungu cha sarafu za Kirumi. Mwaka 2010 Dave Crisp, akitembea shambani na kifaa cha kutambua metali, alikuta mdomo wa chungu. Alichimba kidogo, akaona ni kitu kikubwa, akaacha. Akawaita wanaakiolojia. Kwangu mimi uamuzi ule una thamani kuliko sarafu zenyewe, ambazo zilikuwa 52,503, zenye uzito wa kilo 160 hivi, nyingi za karne ya 3. Kwa kuwa zilitolewa tabaka kwa tabaka, watafiti waligundua kwamba sarafu za karibuni zaidi nyingi hazikuwa juu. Yaani chungu hakikujazwa kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka. Inaelekea kilijazwa kwa mara moja. Lau Crisp angezimwaga zote kwenye ndoo, habari hiyo ingepotea milele. Kila ninapoona sarafu inauzwa bila maelezo ya ilikotoka, huumia kwa sababu hiyo hiyo.

Zaidi ya 700 kati ya zile za Frome ni za Carausius, kamanda wa manowari za Roma kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa ya leo. Mnamo mwaka 286 hivi aliasi, akajitangaza kaizari, na akaanza kufua sarafu zake kisiwani. Nilikaa sana mbele ya kioo kile.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa kanisa, meza ndefu zimefunikwa vitambaa, chai pembeni mbali na trei. Watu wale wengi hukusanya sarafu zilizofuliwa London na Trier. Zangu za Aleksandria ziliwafanya wavute viti karibu. Ni nene, rangi ya kahawia iliyokoza, maandishi yake ya Kigiriki, fedha iliyomo ni kidogo sana. Misri ilikuwa na mfumo wake wa fedha, na sarafu hizi hazikukusudiwa kutumika nje yake. Uzuri wake ni kwamba zimeandikwa mwaka wa utawala: alama kama herufi L, kisha herufi ya Kigiriki inayosimama mahali pa tarakimu. Nilipitisha moja ya Diocletian, kaizari wa Roma wa wakati huo, yenye tai, tukiishika ukingoni tu. Mwaka wa tatu: tangu mwishoni mwa Agosti 286 hadi Agosti 287.

Bibi mmoja mwenye mvi aliisoma tarehe ile kimya, akafungua trei yake, akaweka kando ya Diocletian wangu sarafu ya Carausius. Kaizari halali na mwasi wake, pande mbili za mwisho za dola, huenda walifuliwa wakiwa wamepishana miaka michache tu. Nimekusanya kwa muda mrefu, lakini peke yangu nyumbani nisingeweza kuwaona hawa wawili pamoja.

Mpwa wangu ndiye aliyeuliza: "Mjomba, mbona hii ina G tatu?" Sarafu ile ya Carausius imeandikwa PAX AVGGG, Kilatini, yaani "amani ya makaizari". G tatu ni makaizari watatu: Diocletian, Maximian, na Carausius aliyejihesabu ndugu yao. Ni ombi la amani kutoka kwa mwasi, ombi ambalo Roma haikulikubali. Mwaka 293 aliuawa na Allectus, mtu wake mwenyewe.

Mzee mmoja alitaka kujua kama fedha za Kirumi zilifika pwani ya kwetu. Nilimweleza kuhusu Rhapta, soko la Azania, jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki, linalotajwa katika mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1. Bidhaa zilizoletwa huko zimeorodheshwa: mikuki, mashoka, visu, vitu vya kioo, na zilizotoka ni pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Sarafu hazimo katika orodha hiyo. Wazee wetu walitaka chuma, kitu cha kufanyia kazi.

Kabla hatujaondoka tulikubaliana kwamba mkutano ujao uwe wa mwaka mmoja tu, ule wa tatu wa Diocletian: kila mtu alete alichonacho cha 286 hadi 287, karakana yoyote. Mimi nitapeleka Maximian wa Aleksandria. Kule Misri miaka yake ilihesabiwa mmoja nyuma ya Diocletian, kwa hiyo sarafu yake ya mwaka ule ule imeandikwa mwaka wa pili.