Keki ya Sato kwa Binti wa Miaka Saba

Binti yangu alipokaribia kutimiza miaka saba aliomba keki ya samaki, na nilipomuuliza ni samaki gani alijibu bila kusita kwamba ni sato, mzima, mwenye magamba. Nilijaribu kumshawishi akubali sato wa kukaanga, kwa kuwa kwa mwokaji samaki wa namna hiyo ni rahisi mno: rangi ya kahawia hupatikana kwa kakao, ubavuni huchorwa mikato mitatu ya mshazari, pembeni huwekwa vipande vya ndimu, na kazi huwa imekwisha. Akanijibu, "Mama, samaki wa kukaanga ameshaparwa magamba." Sikuwa na hoja ya kumpinga. Watoto wanaokulia Kirumba, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, hutofautisha sato na sangara kabla hawajajua kusoma, na yule samaki wa vitabu vya kupaka rangi, mwenye mkia wa pembetatu na tabasamu usoni, kwao si samaki wa aina yoyote wanayoifahamu. Niliona mapema kwamba keki hii ingepimwa na jopo la majaji wasio na huruma.

Ndiyo maana sikuanza kwa kutafuta picha kwenye simu. Nilikwenda naye Mwaloni asubuhi, soko ambalo wengi hulijua kwa dagaa na kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, tukasimama mbele ya meza ya mama mmoja anayeuza samaki wabichi, nami nikamwomba aturuhusu tumtazame sato mmoja kwa utulivu kabla ya kumnunua. Ukimtazama kwa nia ya kumchonga, unaona mambo ambayo hukuyaona katika miaka yote ya kumla. Mwili wake ni mpana kwenda juu na mwembamba ubavu kwa ubavu. Pezi la mgongoni ni moja tu na ni refu, linaanza karibu na kisogo na kwenda hadi karibu na mkia, sehemu ya mbele ikiwa ni ya miiba na ya nyuma ikiwa laini na yenye ncha. Mkia haukupasuka katikati. Ukingo wake umenyooka, na juu yake imepita mistari myembamba iliyosimama, ambayo ndiyo alama ya kumtambulisha sato miongoni mwa ndugu zake. Mdomo ni mdogo. Ubavuni kuna mstari mwembamba ambao hauendi moja kwa moja bali umekatika vipande viwili, cha mbele kikiwa juu na cha nyuma kikiwa chini kidogo. Sangara ni kinyume katika mengi: mdomo mkubwa, paji lililobonyea, mkia wa mviringo, na jicho jeusi lenye duara la njano. Nilichora sato wetu juu ya karatasi kwa kipimo kamili, mama muuza samaki akicheka na kuuliza kama keki yenyewe itanuka shombo, kisha tukamnunua na kumla mchana.

Keki inayochongwa haiwezi kuwa laini kama ile sponji ya kujaza krimu, kwa sababu ikikatwa pembeni itamomonyoka. Inahitaji unga mwingi kidogo kuliko mafuta na sukari, ili iwe nzito na kushikamana bila kukauka. Kwa sufuria pana ya sentimita 30 nilitumia gramu 500 za Blue Band, gramu 500 za sukari, mayai tisa, gramu 750 za unga wa ngano, vanila, na ganda la ndimu lililokunwa. Chumvi sikuongeza, kwani margarini huja na chumvi yake. Sukari na mafuta hupigwa hadi viwe vyeupe, na hapa hakuna njia ya mkato. Mayai huingia moja moja, na unga huingia mwishoni kwa mwiko, taratibu.

Jambo ambalo mapishi mengi ya mtandaoni hayatuambii sisi wa kanda hii ni suala la mwinuko. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu zilizopanda juu ya mawe ziko juu zaidi ya hapo. Maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na kwa kuwa mgandamizo wa hewa ni mdogo, gesi inayotokana na beking poda hutanuka zaidi kuliko pwani. Matokeo yake keki huumuka kwa haraka kabla ya kuiva vya kutosha kujishikilia, halafu katikati hutitia. Kwa unga huo, mapishi ya usawa wa bahari yangetaka vijiko vitano vya chai vya beking poda; mimi naweka vinne vya kufuta. Anayetaka kujaribu mapishi ya Dar es Salaam akiwa Mwanza, au kinyume chake, na aanzie hapo.

Niliioka kwa mkaa, moto juu na chini. Oveni ya umeme ninayo, lakini keki nene kama hii hukaa motoni zaidi ya saa moja, na umeme ukikatika katikati ya muda huo hakuna cha kuokoa. Ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu huwekwa ile yenye mchanganyiko, iliyopakwa mafuta na kutandikwa karatasi. Mkaa wa chini uwe mchache, wa juu ya mfuniko uwe mwingi zaidi, kwa maana chini ndiko kunakoungua. Baada ya saa moja huchomekwa kijiti, na kikitoka kikavu basi. Inapopoa hufunikwa kwa kitambaa safi na kulazwa hadi kesho yake. Keki ya jana huchongeka. Ya leo hupukutika.

Umbo lenyewe linapatikana kwa mikato miwili tu ya mwanzo. Juu ya duara la sentimita 30 hukatwa kipande cha upinde chenye kina cha sentimita sita, na chini hivyo hivyo, hivyo katikati hubaki mwili wenye urefu wa sentimita 30 na upana wa 18. Upinde mmoja huwa pezi la mgongoni, nao ni mrefu kama pezi la sato linavyotakiwa kuwa. Upinde wa pili hukatwa vipande viwili vinavyoungana kuwa mkia. Kisha kwa kisu chenye meno mwili hupunguzwa taratibu kuelekea mdomoni na kwenye shingo ya mkia, na kingo za juu huviringishwa ili ubavu uwe na tumbo. Niliiweka ile karatasi ya Mwaloni juu ya keki na kukata kwa kuifuata. Makombo yaliyobaki yalikandwa na krimu kidogo yakawa shavu, yaani kile kifuniko cha matamvua, ambacho bila kuinuka kidogo samaki huonekana hana kichwa.

Kuhusu fondanti, ule mkando wa sukari unaosukumwa na kufunikwa juu ya keki, nina msimamo, na najua wapo watakaonipinga. Ni nzuri machoni, lakini watoto huibandua na kuiacha pembeni ya sahani, na kwa unyevunyevu wa ukanda huu wa ziwa hutoka jasho na kunata, hasa ikitolewa kwenye friji na kukutana na hewa ya nje. Krimu ya siagi inalika yote. Tatizo lake ni joto, kwani mchana wa Mwanza hufika nyuzi 28 bila shida, na siagi tupu huanza kulegea hata kabla ya hapo. Kwa hiyo nilitumia gramu 250 za siagi kwa ladha na gramu 250 za mafuta mgando ya kupikia kwa ugumu, pamoja na kilo moja ya sukari ya unga iliyochekechwa, vijiko vichache vya maziwa ya unga, na maji ya ndimu ili kukata ule mpako wa mafuta unaobaki mdomoni. Tabaka la kwanza hupakwa jembamba sana, hata keki ionekane kwa ndani, na kazi yake ni kuyashika makombo yasitembee. Likishakauka kidogo ndipo kazi halisi inaanza.

Magamba ndiyo yaliyonichukua jioni nzima. Krimu huminywa kuwa kitone cha duara, kisha mgongo wa kijiko kidogo hukikandamiza katikati na kuvuta kuelekea upande mmoja, hivyo upande wa nyuma hubaki ukingo wa mviringo uliosimama na upande wa mbele hubaki alama bapa. Safu inayofuata hukaa juu ya alama hizo na kuzifunika. Swali ni uanzie wapi, na hapa kuwa na samaki wa kweli mbele yako kunasaidia kuliko maelekezo yoyote: ukingo ulio huru wa gamba hutazama mkiani. Basi huanzia mkiani, kila kitone kikivutwa kuelekea kichwani, jinsi fundi anavyoezeka mabati kuanzia ukingo wa chini ili bati la juu lilalie la chini yake. Anayeanzia kichwani hupata samaki ambaye magamba yake yamegeuka, na ingawa wageni wengi hawatajua kasoro iko wapi, mtoto wa mvuvi atajua. Karibu na mkia magamba huwa madogo, na kichwani kabisa hayapo kwenye pua, kwa hiyo sehemu hiyo hulainishwa kwa kisu kilichochovywa katika maji ya moto.

Vifaa havikuwa vya gharama. Mfuko maalumu wa kuminyia sina, na tangu mifuko ya kubebea ya plastiki ipigwe marufuku mwezi Juni 2019 hata ile tuliyokuwa tukiikata pembe kwa kazi hii imeadimika. Karatasi ya kuokea ikiviringishwa kuwa koni na kukunjwa mdomo inatosha, na ikichakaa unaviringisha nyingine.

Rangi ilileta mjadala. Bibi yake, mama yangu mzazi, aliyezaliwa Ukerewe, alikuwa amekaa mlangoni akinitazama, na aliporidhika na magamba akaanza kusema kwamba kama ningetaka samaki wa ziwa hili kweli ningemtengeneza ngege, maana sato ni mgeni. Historia iko upande wake: sato na sangara waliletwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, ilhali ngege na furu ni wenyeji. "Bibi, ngege simjui," mjukuu akamwambia kwa adabu, na tukaendelea na sato. Nilichanganya rangi tatu kutoka krimu moja: ya mgongoni kwa rangi nyeusi kidogo, tone la kijani na kakao, ya ubavuni kijivu hafifu, ya tumboni ikiachwa karibu nyeupe. Anayechanganya kijivu na aishie kabla hajaridhika, kwa kuwa rangi za giza katika krimu huzidi kukolea kwa saa kadhaa, na nyeusi ikizidi huleta uchungu. Kakao husaidia kufikia giza bila kumaliza chupa ya rangi. Mistari ya mkiani ilichorwa kwa koni yenye tundu dogo sana, ule mstari wa ubavuni ukachorwa katika vipande vyake viwili kwa ncha ya kijiti, na kwenye pezi la kifuani nikagusa wekundu kidogo. Jicho lilikuwa biskuti ndogo ya duara iliyopakwa krimu, juu yake tone la chokoleti. Binti alikagua kama kuna njano popote, ili asije akadhaniwa sangara.

Sherehe ilikuwa kwa shangazi yake, Nyegezi, na keki ilisafiri kwa bajaji alfajiri kabla jua halijapanda, ikiwa juu ya sinia pana lililotandikwa jani la mgomba, nami nimeipakata. Jani lilipitishwa kwanza juu ya moto ili lisipasuke, na chini ya keki niliweka kipande cha karatasi ya kuokea. Mishumaa saba ilichomekwa kwenye pezi la mgongoni, mahali pa miiba. Nilisisitiza jambo moja tu kwa wenyeji: yale maji ambayo watoto humwagia mwenye siku yake yasubiri hadi keki ikatwe na irudi ndani, kwani krimu ya sukari na ndoo ya maji havipatani.

Ukataji nao una utaratibu wake. Keki yenye sura haikatwi kuanzia usoni, watoto huchukia. Huanzwa mkiani, vipande vya kupita kuelekea kichwani, na kila kipande kinatoka na safu zake za magamba. Baada ya kulishana, kichwa alikichukua Bibi bila kuuliza mtu. Vipande vilivyobaki viliwekwa kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na nje ya friji, na siku iliyofuata vilikuwa bado vizuri kwa chai.