Mkono wa drafti

Nimerudi na pointi tatu na nusu kati ya saba, na hiyo nusu ndiyo inayoninyima usingizi.

Jana klabu yetu ya sataranji hapa Mombasa ilifanya mashindano ya blitzi, yaani mchezo wa kasi. Raundi 7, kila mchezaji dakika 3, na kila ukicheza unaongezewa sekunde 2. Kiingilio shilingi 200. Meza za plastiki, feni mbili, moja mbovu. Kwa muda wa saa mbili hivi husikii kitu ukumbini ila vibonyezo vya saa, ta-ta-ta, kama mvua inayoanza juu ya mabati.

Mimi sataranji nimeijia ukubwani. Nilikokulia ni barazani Majengo, kwenye drafti ya vifuniko vya soda: jeshi moja limefunikwa, jeshi la pili limelala chali. Pale hakuna saa, lakini ukichelewa kusogeza utasimangwa wewe na ukoo wako. Kwa hiyo nilijiona mtu wa blitzi kabisa. Mikono yangu ni myepesi, nani atanishinda kwa kasi?

Wepesi upo, ila ni wa drafti. Kwenye drafti kula ni lazima. Raundi ya 2 jamaa mmoja kaniachia farasi peupe, nami nikamla kabla sijajiuliza kwa nini kaachwa. Hatua mbili baadaye mfalme wangu hana pa kukimbilia. Hiyo naisamehe. Raundi ya 5 ndiyo siisamehe.

Nilipangiwa binti wa miaka kama kumi na moja. Alikuwa amekalia viti viwili vilivyopandanishwa ili aifikie saa. "Shikamoo, ami." Marahaba. Akanipa mkono, akabonyeza, tukaanza. Anacheza bila papara mtoto yule, na kila kete akiiweka huirekebisha kidogo kwa kidole ikae katikati ya mraba wake. Nilifurahia kule kurekebisha, kulimla sekunde. Mwishoni amebaki na mfalme kwenye mraba wa kona, a8, na askari mmoja aliyekwama uso kwa uso na wangu. Mimi nina malkia na ngome nzima. Saa yangu inasoma sekunde 6.

Nikampeleka malkia c7, nikabonyeza saa kwa kishindo. Mkono wangu ulikuwa unasema: umefungiwa, huna pa kwenda, kusanya vifuniko vyako.

Hakugusa kitu. Aliitazama miraba inayomzunguka mfalme wake, a7, b7, b8, mmoja mmoja, kama anayehesabu chenji. Kisha akasimamisha saa, akainua mkono kumwita mwamuzi. "Sare, ami."

Na ni sare kweli. Mfalme wake hakushambuliwa, na hana hatua halali hata moja, basi mmegawana pointi, nusu kwa nusu. Kanuni hiyo naijua, nimeshawahi hata kumfundisha mtu! Lakini kwenye drafti asiye na pa kusogea ndiye aliyeshindwa, na kwenye bao ni vivyo hivyo, na mkono uliolelewa hivyo miaka thelathini haungoji kuulizwa.

Usiku nikajitafutia wakili. Kumbe katika shatranji ya Waarabu, ile iliyotuachia hili neno sataranji, ukimfungia mwenzako hivyo umeshinda. Yaani ningecheza Baghdad karne ya 10, enzi za as-Suli, bingwa wa sataranji wa makhalifa wa Abbasi, ningeondoka na pointi yangu nzima. (Ingawa as-Suli mwenyewe angenimaliza asubuhi mapema.) Nilimsimulia mke wangu haya yote. Akaniuliza kama mtoto alirudishiwa kiingilio chake. Sikuelewa swali, ila nadhani yupo upande wa mtoto.

Leo jioni nikaenda barazani kutuliza roho. Mchezo wa tatu nikambana mzee mmoja kwenye ukingo, zimebaki kete zake mbili. Nikainua kifuniko kwenda kumalizia, kikabaki hewani. Nikaanza kutazama: akienda huku, hawezi; akienda kule, hawezi. Basi ni sare hii, ama?

"We, vipi," mzee akasema, "umelala?"