Kumbukumbu ya mradi: mpango wa mabomba na mpangilio wa bafu la chini, Isamilo

Nyumba yetu imejengwa upande wa chini wa barabara, kwenye mteremko wa Isamilo, jijini Mwanza, ambako ni nadra kuchimba futi mbili bila kukutana na jiwe. Ghorofa ya juu inakaribia kulingana na barabara, na chini yake kuna chumba kilichochimbwa ndani ya kilima, ukuta wa nyuma ukiwa umezuia udongo na wa mbele ukitazama Ziwa Victoria. Kwa miaka yote chumba hicho kimekuwa stoo. Sasa tunakusudia kukipangisha, na kwa kuwa hakuna mpangaji atakayekubali kupanda kwetu kila anapotaka kuoga, tumetenga kipande cha mita 2.4 kwa 1.6 kiwe choo na bafu.

Majisafi hayakutupa kazi. Tangi la lita 2,000, ambalo hujazwa na maji ya MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Mwanza, limesimama kwenye mnara wake kando ya barabara, na mdomo wake wa kutolea uko takriban mita 6 juu ya mahali itakapofungwa shawa ya chini. Kila mita 10 za kimo hutoa msukumo wa karibu baa 1, kwa hiyo huku chini tutapata baa 0.6, ambayo ni nafuu kuliko tunayopata sisi wa juu. Bomba la plastiki la PPR la milimita 25 litashuka kwenye ukuta wa ubavuni, litafungwa geti valvu, yaani koki ya kufungia maji, kabla ya kuingia ndani, kisha litagawanyika kwa mabomba ya milimita 20.

Majitaka ndiyo yaliyotuweka mezani muda mrefu. Shimo letu la sasa liko karibu na barabara ili gari la kunyonya lilifikie kwa urahisi. Ili kujua tofauti halisi za kimo tulitumia mpira mwembamba unaoonyesha maji, tukaujaza polepole huku tukiugongagonga kwa kidole mpaka povu la mwisho likapanda na kutoka, kwani povu moja lililonasa katikati hutosha kuharibu kipimo. Fundi alishika ncha moja kwenye mdomo wa shimo, mimi nikashika nyingine ukutani na kuweka alama ya penseli pale maji yalipotulia. Alama hiyo ilikuwa juu ya mabega yangu. Sakafu ya chumba cha chini iko zaidi ya mita moja na nusu chini ya bomba linaloingia shimoni, na maji hayapandi mlima.

Palikuwa na pendekezo la kuweka pampu ya majitaka ndani ya kisima kidogo sakafuni. Sikulikubali, kwa sababu umeme ukikatika jioni mpangaji ataendelea kutumia choo kama kawaida, na kisima kikijaa kitafurika kwenye sakafu yake. Mtandao wa mabomba membamba ya majitaka uliojengwa kwenye vilima kama vya Igogo na Mabatini ungetumalizia tatizo lote, lakini kwenye kipande chetu hakuna bomba la kuunganishia. Limebaki tangi jipya la majitaka upande wa mteremko, litakalopokea maji ya ghorofa ya chini peke yake.

Kuyatenga maji ya ghorofa hizo mbili kuna faida nyingine ambayo wengi huisahau. Mabomba ya juu na ya chini yakiunganishwa, siku bomba kuu litakapoziba, maji ya wote yatatafuta tundu lililo chini kuliko yote, yaani shawa ya mpangaji.

Fundi alitaka tangi liwe mpakani kabisa, ambako udongo ni mwingi. “Mama, huku hatupigi nyundo hata moja,” aliniambia, na alisema kweli. Hata hivyo, tangi linalojengwa lazima siku moja linyonywe, na gari litabaki barabarani. Nguvu ya kunyonya inatokana na mgandamizo wa hewa, ambao hata usawa wa bahari hauwezi kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi. Huku kwetu, ambako uso wa ziwa wenyewe uko takriban mita 1,134 juu ya bahari, ukomo huo unashuka karibu na mita 9, na tope zito hupunguza zaidi. Kutoka mpakani hadi kwenye gari ni zaidi ya mita 9 kwa kimo. Tumelisogeza tangi hadi mita 8 kutoka ukuta wa mbele, ambapo kutoka sakafu yake hadi mdomo wa gari ni karibu mita 6 kwa kimo. Bomba la inchi 4 kutoka chemba, yaani kishimo cha ukaguzi nje ya ukuta, hadi tangini litainama sentimita 1 kwa kila sentimita 40, yaani litashuka sentimita 20 kwa mita hizo 8.

Maji yanayotoka tangini yanahitaji udongo wa kuyanywa, na jiwe la hapa halinywi kitu. Tulichimba vishimo viwili vya majaribio, tukavilowesha tangu jana yake, kisha tukavijaza tena. Kile cha kushoto kilikuwa bado kimejaa asubuhi. Cha pili, kilicho kwenye mkanda wa udongo kati ya majabali mawili, kilishusha maji milimita 25 kwa takriban dakika 12, na hapo ndipo patakapochimbwa shimo la kufyonza.

Mpangilio wa ndani umeamuliwa na jiwe. Kwenye kona ya nyuma, jabali limeinuka mpaka linagusa jamvi, yaani zege la sakafu, na kulivunja kungetaka kulichoma kwa moto na kulipiga nyundo chini ya msingi wa nyumba, jambo ambalo siliruhusu. Tulichofanya ni kuvipanga vyombo kwa kimo cha mahali vinapotolea maji. Sinki, ambalo hutolea nusu mita juu ya sakafu, litakaa penye jabali na bomba lake la inchi 2 litapita juu ya sakafu. Choo cha kukaa kitawekwa katikati, nacho kitakuwa cha aina inayotolea ukutani, kwenye kimo cha sentimita 18 hivi, bila kukata sakafu. Shawa, ambayo haina budi kutolea chini, itakuwa ukuta wa mbele penye udongo wa kujazia, juu ya jukwaa la sentimita 15. Dari itabaki mita 2.3 juu yake. Dirisha nalo liko hapo hapo, kwa hiyo unyevu utatoka.

Ukuta wa nyuma hautapitishwa bomba lolote. Wakati wa masika huwa unatoa jasho kutokana na maji ya kilima, na tutauchimbia mfereji wa kokoto kwa nje utakaoyaelekeza pembeni, mbali na tangi, ambalo lingefurika kwa mvua tu. Bomba la hewa litapanda nje ya nyumba mpaka juu ya paa na kufungwa wavu wa mbu. Mchana upepo hutoka ziwani kuja mlimani, hivyo likiishia chini ya madirisha yetu, harufu yote ingeingia sebuleni.

Kazi ya kwanza ni tangi, kisha chemba, halafu mabomba ya ndani. Nimeafikiana na fundi kwamba kabla ya kumwaga zege la jukwaa, mabomba yatazibwa upande wa chemba, yajazwe maji na kuachwa usiku kucha. Asubuhi tutaangalia alama, na ikiwa maji yameshuka, kiungo kinachovuja kitatafutwa na kurekebishwa kwanza.