Isome Kariakoo kwa nyumba zake

Ukitaka kuielewa Kariakoo ya Dar es Salaam, usianzie sokoni, huko utaambulia bei tu. Tafuta nyumba ya chini, moja ya zile chache zilizobanwa na maghorofa, usimame ng'ambo ya mtaa uitazame. Mbele ina baraza. Mlango uko katikati, na ukiufungua unakuta ukumbi mwembamba ulionyooka hadi nyuma, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Mwisho wa ukumbi ni mlango wa uani, na huko ndiko liliko jiko, bafu, choo na kamba za kuanikia. Hiyo ndiyo nyumba ya Kiswahili, na tabia nyingi za mtaa huu zimezaliwa na ramani hiyo.

Piga hesabu. Mwenye nyumba akikaa vyumba viwili, vinne vinabaki vya wapangaji, na kila kimoja kinaweza kuwa na familia nzima. Kodi ni ya chumba. Ukumbi, uani na choo ni vya wote. Ndiyo maana kuna zamu ya kufagia, na ndiyo maana kuna ugomvi wa umeme: mita moja, vyumba sita, mmoja ana friji. Wanaousifia undugu wa Kariakoo ya zamani hawakosei, ila wasisahau kwamba watu hawakuwa na pa kukwepana. Kwenda bafuni tu, unapita milangoni mwa majirani wote.

Mitaa iliyonyooka na kukatana kama bao la drafti ni mpango wa Wajerumani, waliotaka eneo hili liwe mji wa Waafrika. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawakatiza. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo walivyoweza: Kariakoo. Baada ya vita Wazungu walikaa upande wa bahari, Uhindini ikawa katikati, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuitenga na Kariakoo. Waliohamia walitoka mbali, na vibao vya mitaa bado vinasema: Nyamwezi, Kongo, Likoma, Pemba, Mafia, Lindi. Klabu ya soka ya Yanga ilianzishwa 1935 na ya Simba 1936; mpaka leo Simba ni Wekundu wa Msimbazi, kwa jina la mtaa wa hapa.

Sasa sogea ukutani. Nyumba za mwanzo zilikuwa za miti: nguzo zinasimikwa, fito zinafungwa kwa kamba, udongo unakandikwa, juu makuti. Makuti yalining'inia mbali na ukuta, mvua ikadondokea nje. Bati lilipoingia, wengi walilikata fupi kubana matumizi, maji yakaanza kurukia chini ya ukuta. Dawa iliyopendwa ikawa lipu ya saruji, nayo ndiyo iliyoua nyumba nyingi. Udongo hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, saruji haifuati. Inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayapati pa kutokea, nguzo zinaoza kwa ndani huku mchwa wakila bila kuonekana. Gonga kwa kifundo cha kidole: ukisikia mlio wa uwazi, lipu imeshaachana na ukuta. Ibandue, kandika udongo upya, malizia kwa chokaa. Lakini kwanza rekebisha paa na njia ya maji, la sivyo utairudia kazi hiyohiyo.

Hata hivyo, ukuta mbovu haujaondoa nyumba nyingi kama fremu za maduka zilivyoziondoa. Chumba cha mbele kikitobolewa kikawa duka, kodi yake inaweza kushinda ya vyumba vyote vya nyuma, tena kwa kilemba, malipo ya mkupuo ya kuingilia. Baraza ndilo linaloondoka kwanza, na bao na kahawa vinakosa pa kukaa. Kisha mwenye nyumba anafariki, warithi ni wengi, na nyumba moja haigawanyiki kwa watu wanane. Anakuja mjenzi: nyinyi toeni kiwanja, mimi nijenge ghorofa, tugawane. Warithi wasioandikishana mapema nani anapata nini huishia kukutana mahakamani.

Jengo la soko lenyewe ni la juzi tu. Lilichorwa na Beda Amuli, likafunguliwa 1975, na paa lake la miamvuli ya zege ni kazi ya kusimama uitazame. Liliungua Julai 10, 2021.

Kutembea, nenda Jumapili mapema, fremu zikiwa bado zimefungwa. Tazama juu ya vibao vya maduka. Ukiona bati kuukuu lenye kutu, chini yake kuna nyumba ya Kiswahili, na mlango wa ukumbi huenda bado upo, umebanwa kati ya fremu mbili, upana wake wa kumpitisha mtu mmoja na ndoo yake.