Rangi ya Gram haikuona kitu: nimonia isiyo ya kawaida kwa watu wazima

Mtu mzima anakohoa wiki ya pili, picha ya kifua ina mawingu, kamaliza amoksisilini bila nafuu, na maabara imeandika kwamba makohozi hayana bakteria. Usiishie hapo. Bakteria Mycoplasma pneumoniae haina ukuta wa seli: rangi ya Gram, ile ya kuonyesha bakteria kwenye darubini, haina pa kushika, na amoksisilini, ambayo huvuruga ujenzi wa ukuta huo, haina cha kuvuruga. Chlamydia pneumoniae hujificha ndani ya seli za mgonjwa. Legionella hushika rangi kwa shida.

Kwetu kikohozi cha muda huo kipimwe kwanza kifua kikuu. Baada ya hapo uamuzi ni wa sampuli gani, siku ya ngapi.

Mycoplasma itafute mapema kwa PCR (kipimo cha vinasaba) ya ute wa koo au wa nyuma ya pua. Kuiotesha huchukua wiki kadhaa. IgM (kingamwili ya mwanzo) ya mara moja siiamini: huchelewa siku 7 hadi 10, na mtu aliyewahi kuambukizwa zamani anaweza asiitoe kabisa. Chukua damu mara mbili, ya pili baada ya wiki 2 hadi 4, kisha zote zipimwe pamoja. IgG (kingamwili ya baadaye) ikipanda mara 4, huo ni ushahidi, ingawa kwa matibabu umechelewa.

Legionella ndiyo ya kuogopa zaidi, na ndiyo inayopotezwa kwa makosa madogo. Baada ya mlipuko wa nimonia huko Philadelphia, Marekani, wa Julai 1976, ilitambuliwa Januari 1977 tu, maana agari (chakula cha kuoteshea bakteria) za kawaida haziioteshi. Inataka chuma na sisteini. Tumia agari ya BCYE, yenye mkaa, kwenye nyuzi 35, na usiandike hasi kabla ya siku ya 10. Usizimue makohozi kwa maji ya chumvi, kwani chumvi huizuia. Tumia maji yaliyotakaswa. Usitupe makohozi kwa kuwa yana seli nyeupe chache, maana wagonjwa hawa wengi hutoa makohozi mepesi. Sehemu moja ichanganywe na asidi ya pH 2.2 kwa dakika 4 kabla ya kuotesha, ili bakteria wengine wapungue. Kipimo cha mkojo hutoa jibu kwa dakika 15, lakini kile cha kawaida hulenga kundi la 1 la Legionella pneumophila pekee. Mkojo ukiwa hasi na mgonjwa anazidiwa, peleka makohozi PCR, naye apewe azithromisini bila kungoja.

Coxiella burnetii, bakteria wa homa ya Q, usijaribu kuiotesha. Huambukiza wafanyakazi wa maabara kwa njia ya hewa. Hupimwa kwa damu, na kingamwili za awamu ya II ndizo hutangulia. Imeshaonekana kwa wagonjwa wa homa huko Moshi, kwa hiyo muulize mgonjwa kama amemzalisha mbuzi au kushika mimba iliyotupwa, na uyaandike majibu kwenye fomu ya maabara.